Pishi Mbili

Saa nne usiku bando huwa nafuu.
Naweka kofia pajani, tundu la mia tatu na kumi,
sindano naichoma kolani isipotee,
na simu aliyoniachia Twalibu naiegemeza kwa mtungi.

Maktaba iko mji wa baridi, siujui hata kwa picha.
Mlango wake ni kisanduku cheupe
na kijiti kinachopepesa, kinapepesa,
kama mtu aliyekwisha kuuliza, sasa anangoja.

Niliandika: Zainabu binti Lali.
Matokeo: sufuri.
Nikaondoa u ya mwisho. Sufuri.
Nikaweka y penye i, kama waandikavyo waliosoma.
Sufuri, na swali chini yake:
Je, ulimaanisha Zanzibar?
La. Nilimaanisha mama yake nyanya yangu,
wa Langoni, nyumba ya wikio,
ambaye hata Unguja hakuwahi kufika.

Twalibu alinifunza kabla hajarudi chuoni:
"Ami, usitafute mtu. Mtu hawamjui.
Tafuta kitu alichokishika."

Nyumbani husemwa alinakili tenzi kwa malipo,
wino akiuchemsha mwenyewe, masizi na gundi ya mgunga,
sufuria ile ile ya jikoni,
hata chai ya nduguze ikawa na rangi ya herufi.
Husemwa. Karatasi zenyewe ziliuzwa mwaka wa njaa.
Aliyeuza amekufa, aliyenunua amekufa,
iliyobaki ni bei: shilingi tisa.

Basi nikaandika: Lamu. Utenzi. Hati za Kiarabu.
Mia nne na saba.
Usiku wa kwanza nilisoma hamsini,
wa pili thelathini, wa tatu nililala na simu usoni.
Usiku wa sita, namba mia mbili kumi na tisa:

Utenzi, haukukamilika. Kurasa kumi na nne.
Wino mweusi, vituo vyekundu.
Pembe ya chini imeliwa na mchwa.
Mnakili: hajulikani.
Pambizoni, kwa mkono uleule, hesabu ya nyumbani:
"pishi mbili za mtele kwa Mwana Zume, hayalipa."

Kofia ikaanguka, sikuiokota.

Maana kwetu sisi,
mtoto akiazima penseli asirudishe,
muuza duka akisema chenji njoo kesho,
nyanya alikuwa akiguna: "Ya pishi mbili hayo."
Tulidhani ni methali. Tulidhani kila mji wanasema.
Nimewahi kuitumia Malindi, sokoni,
wakanitazama tu.

Na Mwana Zume ndiye aliyezaa waliozaa
watu wa nyumba ya pili, ng'ambo ya wikio,
ambao leo hii asubuhi wamekuja kuomba chumvi.

Chini kabisa pana pa kubonyeza: Sahihisha rekodi.
Wakauliza jina langu, nikawapa.
Uhusiano wako na kitu hiki?
Kidole kikasita. Kitukuu.
Jina la mnakili?
Nikaliandika na u yake, na binti yake, na Lali wake,
herufi sikupunguza.
Una uthibitisho gani?

Cheti sina. Kaburi lake halina maandishi,
lina kome mmoja mkubwa na majani.
Simu imebakiza asilimia nne.
Nikaandika: Mchele wetu mpaka leo haujalipwa.

Jibu likaja papo hapo, la mashine.
Asante. Tutawasiliana nawe ndani ya siku sitini za kazi.

Siku sitini si kitu, kofia hii peke yake ni miezi minne.
Nachomoa sindano kolani,
naanza tundu la mia tatu kumi na moja.
Ukutani kwa pili nausikia ungo wa Bi Arafa,
anapepeta mchele wa kesho, shaa, shaa,
nami nacheka peke yangu, simwambii.
Bado.